Karakana Tuliyoihamishia Buswelu

Mafinga, Jumapili, saa tisa alasiri. Ni miaka thelathini na mmoja na miezi minne tangu nilipoondoka Mwanza.

Mwanangu Zena,

Umekwenda na mama yako kuwaaga majirani, na nyumba imetulia kwa mara ya kwanza wiki hii. Nimekaa mezani niandike kile nilichoshindwa kukuambia jana, uliponiuliza kwa mara ya tatu: "Baba, kwa nini usinisindikize mpaka Mwanza? Si ndiko kwenu?" Nilikujibu kwamba magoti yananiuma. Ukaniangalia tu, ukaendelea kukunja nguo. Magoti yananiuma kweli, lakini yanauma hata hapa nilipokaa.

Mambo ya chandarua, blanketi na nakala za vyeti ameshakuambia mama yako, na kesho stendi atakuambia tena. Mimi siyarudii.

Nianze na hasira yangu, maana umeiona siku zote hizi na huenda umedhani umenikosea. Siku barua ya chuo ilipofika nilifurahi mpaka nilipofika mstari wa tatu: Stashahada ya Teknolojia ya Vyombo vya Majini, Kampasi ya Buswelu. Nikauliza, "Buswelu?" Ukanijibu, "Ndiyo, baba, kampasi kuu iko huko." Nikatoka nje nikapasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Wewe hujafika Buswelu. Kuna mawe, kuna upepo wa vumbi, kuna viwanja vizuri vya kujenga nyumba, na ziwa liko mbali. Nilipoondoka, hata maji ya kunywa ya chuo yalikuwa yanakuja kwa boza. Huko ndiko wanakofundisha vijana kutengeneza mitumbwi. Kama ingekuwa mtu mwingine ndiye aliyebuni upuuzi huo ningeucheka nikasahau. Lakini pendekezo la kuihamishia karakana Buswelu niliandika mimi.

Chuo hicho hakikuanza na majengo ya ghorofa unayoyaona kwenye tangazo lao. Kilianza na banda moja la mabati pale Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni, hatua chache tu kutoka majini. Ilitakiwa vijana wa wavuvi wajifunze kuunda mitumbwi ya mbao inayoweza kubeba injini, kwa hiyo wakatafutwa mafundi wa pale pale ufukweni wawafundishe. Mmoja wao alikuwa baba yangu mdogo, Shabani. Ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, ndiye aliyenipeleka shule, na mpaka leo nikisema "nyumbani" ninaona uwanja wake, vumbi la mbao na kuku wakichakura ndani yake. Babu yetu alitoka Tabora na msumeno begani, akaoa Mkerewe, na tangu hapo ukoo wetu umeishi kwa mbao na maji.

Baadaye chuo kikaongeza uchomeleaji, ufundi magari na umeme wa majumbani. Kikafungua kampasi Sengerema, ng'ambo ya ghuba, kwa ajili ya zana za kilimo. Kila kilipoongeza fani moja kiliongeza ofisi mbili. Hata hivyo watu wa Mwanza walipotaja chuo walimaanisha lile banda, na walipotaja mwalimu walimaanisha Baba mdogo Shabani, ambaye hakuwa na cheti chochote. Alisoma madrasa tu. Herufi za Kiarabu alizijua. Hizi nyingine hakuzipenda, na alisema hazina adabu, zinaanzia upande usiofaa.

Namna yake ya kufundisha iliwakera wakaguzi. Mwanachuo akisimama na daftari, yeye alinyamaza. Angeweza kukuacha umesimama asubuhi nzima. Siku utakapoweka daftari chini ukashika upande wa pili wa ubao anaoubeba, siku hiyo ndiyo anaanza kusema. "Shika huko. Unasikia inavyovuta? Mti huu ulikulia kwenye mteremko. Ukiupigilia hivi utakugombeza mpaka uzee." Hakurudia. Waliokuwa wameshika ubao walielewa, na waliokuwa na daftari waliandika "fundi hana mpango wa somo."

Na alikuwa na sharti moja. Mtumbwi ukishapigiliwa misumari na nyufa zake kuzibwa kwa pamba, haukabidhiwi. Unatiwa mawe, unazamishwa kwenye maji ya kina kifupi, unaachwa siku tatu. Mbao zinavimba, zinabanana, pamba inakazika. Kule kwetu tulisema mtumbwi unanyweshwa. Mteja aliyekuja siku ya pili akidai chombo chake aliambiwa, "Bado anakunywa. Kaa hapo unywe na wewe." Akaletewa chai.

Mimi nilisomeshwa Dar es Salaam, nikarudi na stashahada yangu, nikawa mwalimu wa karakana chini ya bati lile lile nililochezea utotoni. Nilipenda vitabu, nilijua kuandika barua iliyonyooka, na mkuu wa chuo alinipenda kwa hilo. Akanifanya katibu wa kamati ya upanuzi. Nikuambie ukweli: nilichoka kunuka samaki. Nilichoka kuitwa "mtoto wa Shabani" mbele ya wanafunzi wangu. Buswelu kulikuwa na ardhi ya kutosha, na kwenye ramani kulikuwa na chumba kilichoandikwa "Mkuu wa Idara". Nikaandika kurasa kumi na moja nikieleza kwamba Kirumba pamebanana, pana kelele, hapana hadhi ya chuo, na kwamba umbali kutoka ziwani ni jambo linaloweza kutatuliwa kwa lori.

Baba mdogo alipoambiwa, alinicheka. "Kwa hiyo mtaunda mitumbwi mlimani kama Nabii Nuhu, mkisubiri maji yawafuate?"

"Dunia inabadilika, Baba mdogo."

"Inabadilika, sawa. Maji je, yamehama?"

Tukahama. Mtumbwi wa kwanza tuliouunda Buswelu ulikuwa mkubwa, wa kupeleka vifaa na wanachuo kampasi ya Sengerema bila kungoja kivuko. Baba mdogo alikuja nasi kwa sababu wanafunzi walimwomba. Chini ya bati jipya, penye joto kavu, mbao za mvule zilijikunja kadiri tulivyozipigilia. Jioni ungeweza kuchungulia kati ya ubao na ubao ukaona miguu ya mtu wa upande wa pili. Tulizidi kuongeza pamba. Kisha ikatangazwa kwamba mgeni rasmi anakuja kufungua kampasi, na kwamba mtumbwi utakabidhiwa kwake siku hiyo hiyo pale Mwaloni.

Lori liliuteremsha asubuhi ya sherehe. Baba mdogo alipitisha kiganja chake ubavuni mwa mtumbwi mara moja tu, akanijia.

"Siku tatu, Yusufu. Haujanywa."

"Mgeni rasmi hana siku tatu."

"Basi mgeni mpe soda, mtumbwi mpe maji."

"Baba mdogo, nakuomba. Leo tu."

Aliniangalia, kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipozeeka: akapanda mwenyewe. Akawachukua wanafunzi sita wanaojua kuogelea, akamwambia mgeni asubiri kidogo, kwamba wanajaribu chombo kwanza. Hawakwenda mbali. Mtumbwi ulikaa chini taratibu, kama ng'ombe anavyolala, maji yakawafika kiunoni, nao wamesimama ndani yake mbele ya umati. Hakuna aliyeumia. Kama mgeni angekuwamo na suti yake, ingekuwa habari nyingine.

Wewe huwajui kinamama wa Mwaloni. Walianza papo hapo.

"Jamani, chuo kimetengeneza chekeche! Leteni unga!"

"Mwalimu, hilo ni la kuvulia dagaa ama la kuchujia togwa?"

"Mzee Shabani, toka humo, utapata baridi! Waachie wasomi waoge!"

Hata korongo wanaookota matumbo ya samaki walisogea kutazama. Baba mdogo alicheka pamoja na kinamama wale. Mimi sikucheka. Nilikuwa natafuta pa kujificha.

Kesho yake kamati iliketi kujadili nani alaumiwe. Mkuu wa chuo aliuliza, "Nani aliruhusu chombo kiingie majini?" Tulikuwa watu saba mezani. Mimi ndiye niliyeruhusu, na watatu kati yao walinisikia nikiruhusu. Nilikuwa na kalamu mkononi, kwa kuwa katibu huandika. Nikatazama karatasi. Mmoja akasema kwamba labda tatizo ni kuwa na mafundi wasio na sifa. Mwingine akaitikia. Mkuu akasema, "Katibu, liweke vizuri hilo." Nikaliweka vizuri. Niliandika: "Kikao kilibaini kwamba chombo kiliundwa chini ya usimamizi wa fundi ambaye, pamoja na uzoefu wake wa muda mrefu, hana sifa za kitaaluma zinazokidhi hadhi ya sasa ya chuo." Sentensi nzuri, Zena. Haina uongo hata mmoja ambao mtu angeweza kuunyooshea kidole. Niliisoma mara mbili nikaridhika nayo.

Siku nne baadaye Baba mdogo alikuja nyumbani kwangu na bahasha. Nilimwamkia, "Shikamoo, Baba mdogo." Akaitika, "Marahaba," akakaa, akanipa. "Nimeletewa hii. Nisomee."

Ningeweza kusema sina miwani. Ningeweza kusoma maneno mengine. Nilisoma yale yaliyokuwamo, kwa sauti, mpaka mwisho. Ile sentensi ilikuwa katikati, neno kwa neno, na chini yake ilikuwa imeandikwa kwamba huduma zake hazihitajiki tena.

Alikunja barua akairudisha kwenye bahasha. Kisha akasema, bila ukali, "Mkuu wa chuo hawezi kusema hivi. Huyu ni wewe. Tangu uko darasa la tano ulikuwa unanisomea hivi hivi, maneno yanapita polepole kama watu wanaobeba jeneza."

Sikukana wala sikukubali. Akachukua bahasha yake akaenda.

Nilikaa wiki mbili, kisha nikaenda kwake Kirumba na sukari na shuka, kama mtu anayekwenda kuposa. Binti yake Hadija, ambaye utamwita shangazi, alitumiminia chai. Nilianza, "Baba mdogo, nimekuja kukuomba..."

Akanizuia kwa mkono. "Chai unywe. Lakini hilo neno usinipe hapa."

Hadija akasema, "Baba, si umsamehe tu yaishe?"

"Nimeshamsamehe. Ni mtoto wangu huyu, nitampeleka wapi?" Kisha akanigeukia. "Ulininyamazia mbele ya watu. Uende ukaseme mbele ya watu, kule karakana, vijana wakisikia, kwamba mzee alisema siku tatu. Mshahara sitaki, mitumbwi naunda hapa nje na wateja wananifuata. Nataka wale vijana wasije wakadhani kunywesha mtumbwi ni ushamba wa mtu asiyesoma. Ukishasema, njoo unywe chai nyingine."

Hicho tu ndicho alichotaka, mwanangu. Sentensi moja. Mimi niliyeweza kuandika kurasa kumi na moja nilishindwa kusema sentensi moja mbele ya vijana thelathini. Nilijiambia nitaisema Jumatatu, kisha baada ya mitihani. Kisha nikaandika barua ya kuomba uhamisho, nayo ilikuwa nzuri pia, nikaletwa huku Mafinga kwenye baridi na mbao za misonobari, mbali na ziwa kadiri nilivyoweza. Nimefundisha hapa mpaka nikastaafu. Watu wananiita mwalimu mzuri. Kila mwaka niliwaambia vijana kwamba mbao ina kumbukumbu, na kila mwaka niliposema hivyo nilijichukia, kwa sababu ni maneno yake na sikuwahi kumtaja.

Miaka kumi na miwili baadaye, kabla wewe hujazaliwa, Hadija alinipigia simu. Kulikuwa na mahafali, na mkuu mpya wa chuo, mtu muungwana, alikuwa amewaalika mafundi wa zamani wakae mstari wa mbele. "Njoo, kaka. Atakuwepo. Utapewa nafasi ya kusema, nimeongea nao." Nikapanda basi. Nililala Dodoma, nikaendelea. Nilifika Usagara, pale barabara inapogawanyika na Mwanza iko karibu kiasi kwamba abiria wanaanza kuteremsha mizigo yao. Nikateremka. Nikanunua maji. Nilimwambia kondakta kwamba kuna ndugu ananisubiri hapo. Nilisimama chini ya paa la duka la mahindi mpaka nikaona basi linalotoka Mwanza kwenda Dodoma, nikalisimamisha.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mama yako kwamba gari liliharibika Shinyanga. Leo asubuhi, ukiwa bado umelala, nimemwambia ukweli. Aliendelea kuchagua mchele. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo hata gari halikuharibika." Baada ya hapo amenisemesha mara mbili tu, zote kuhusu mkaa.

Baba mdogo Shabani alifariki miaka mitatu baada ya mahafali yale. Alizikwa siku ile ile, kama ilivyo kwetu, na mimi niko mwendo wa siku mbili. Hata arobaini sikwenda. Kwenye simu Hadija aliniambia kitu kimoja tu: "Alikuwa akisikia basi linapiga honi barabarani anauliza ni la wapi."

Sasa unajua kwa nini nilipasua kuni.

Usifikiri ninakuambia haya ili uudharau huo mtaala wao. Mama yako anaogopa utafika huko uanze kubishana na walimu. Cheti hakikumkosea Baba mdogo. Mtu mwenye cheti ndiye aliyemkosea. Soma hesabu zao za uzito na maji kwa bidii, maana zile alizifanya kwa kiganja na hakuweza kumwachia mtu kiganja chake. Juzi uliponiambia, "Baba, siku hizi boti ni za faiba, mbao nani anataka?" nilikukatiza kwa ukali. Nisamehe. Labda ni kweli. Lakini faiba nayo lazima ina siku zake tatu mahali fulani, jambo ambalo mtu anayeishika kila siku analijua na halimo kwenye muhtasari wa somo. Sijui ni nini. Teremka Kirumba ukawaulize wanaoiunda. Usiende na daftari. Shika upande wa pili.

Na siku moja, si mbali, utakaa kwenye kikao. Utakuwa msomi peke yako kati ya watu waliochoka, na jambo unalolijua wewe litapita mezani likielekea kwa mtu mwingine. Sitakuambia ufanye nini. Nakuambia tu jinsi lilivyo: hakuna ngurumo. Mtu anakohoa, mwingine anatazama saa, na unapata kama dakika moja. Mimi niliitumia kuchagua maneno.

Kuna mambo mawili nakukataza, na haya ni amri. La kwanza, usiniombee radhi. Usisimame kwenye karakana yao ukasema "baba yangu amenituma niseme..." Hukuwepo, hukukosa, na deni la ulimi halilipwi na ulimi wa mwingine. La pili, shangazi yako Hadija atakupokea kwa pilau, na atakuuliza baba hajambo. Mwambie hajambo. Usimpambie. Ukitaka kujua zaidi kuhusu mzee wake, muulize, atafurahi; hakuna anayemuuliza siku hizi.

Ukifika hapa najua utasema, "Basi nenda hata leo, baba. Umechelewa, lakini nenda." Nimelifikiria mpaka nimechoka. Wenzangu sita wa mezani wamekufa au wamehama. Vijana thelathini wale sasa ni wazee wenye wajukuu. Banda la Kirumba, nasikia, ni ghala la magunia ya dagaa. Mtu aliyetaka neno lile hayupo tena kulisikia. Nikienda sasa nitapokewa kama mgeni wa heshima, mkuu wa chuo atanipa kiti, vijana watanipigia makofi kabla sijafungua mdomo, na nikisema, watasema mzee ana moyo mzuri. Nitakuwa nimevuna heshima kwa kosa langu mara ya pili. Najua utasema hiyo ni sababu nyingine tu, kama magoti, kama Shinyanga. Huenda ni kweli. Nimekuwa hodari sana wa sababu, na katika umri huu siwezi tena kuzitofautisha. Lakini barua hii nimeiandika na jina langu chini, na ile sentensi ya kikao sikuiandikia jina.

Nasikia sauti zenu njiani, unacheka na mama yako. Kesho alfajiri nitabeba sanduku lako mpaka stendi, nitalipandisha mwenyewe, na nitasimama hapo mpaka basi liondoke. Nenda ukajifunze kazi ya ukoo wako mahali nilipoipeleka, na uwe bora kuliko mahali penyewe.

Mimi sitarudi Mwanza.

Baba yako,
Yusufu